Wekundu wa miombo hausubiri mvua

Nimerudi juzi kutoka barabara ya Nachingwea kwenda Liwale, mkoani Lindi, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, na habari ninayoileta ni moja: miombo, miti ya misitu yetu ya kusini, imeanza kuchipua. Siyo yote. Mti mmoja hapa, mwingine kule, katikati ya ukijivu wa matawi yaliyopukutika, umevaa wekundu wa shaba kama kaa linalopulizwa. Baada ya wiki mbili tatu mteremko mzima utakuwa hivyo. Ndiyo maana naandika mapema, wenye kamera tujipange kwa mafunzo ya picha ya msimu huu.

Kila mwaka Septemba ikiingia, simu yangu hujaa picha za misitu ya Vermont huko Marekani, majani mekundu na ya dhahabu juu ya mito. Marafiki hunitumia wakisindikiza na maneno yaleyale: wenzetu wamebarikiwa. Picha zenyewe ni nzuri, nazitazama kwa raha. Hilo "wenzetu" ndilo linalonichoma. Miezi hiyohiyo ambayo majani ya kule yanaiva ili yaanguke, majani ya Lindi na sehemu za ndani za Mtwara yanazaliwa, na yanazaliwa mekundu. Shuleni tulifundishwa kuita msimu ule wa Ulaya "vuli". Lakini vuli ni mvua, na huku kusini hata hiyo vuli ya Tanga na Dar es Salaam hatuna. Sisi mvua yetu ni ya mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Kwa hiyo msimu huu ninaousema hauna jina kwenye kitabu cha shule. Ni mwisho wa kiangazi, ardhi imepasuka, visima vimeshuka, na mti unaamua kuchipua.

Hilo la kuchipua kabla ya tone la kwanza la mvua ndilo linaloniteka zaidi. Miombo ina mizizi inayokwenda chini sana na maji iliyoyatunza mwilini, basi inatanguliza majani ili mvua ikifika iyakute tayari. Jani changa bado halijajijaza kijani chake, na jua la Oktoba ni kali. Wekundu ule ni kinga dhidi ya jua hilo. Rangi ya aina hiyohiyo ndiyo inayopaka misitu ya kaskazini ya dunia wakati jani linafunga kazi. Kule inaaga, hapa inapokea.

Nililiinua jani moja bila kulichuma, nikalielekeza jua likiwa nyuma yake. Lilikuwa laini kama ngozi ya sikio, bado linaning'inia, vijani vyake vimelala kuelekea chini kama vidole vya mtoto aliyesinzia mgongoni. Mishipa ilikuwa imeiva kuliko sehemu nyingine, rangi ya damu ya mzee. Nilikaa pale dakika arobaini kwa jani moja. Babu mmoja mrina asali akapita na baiskeli, ndoo mbili zimefungwa nyuma. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kunitazama muda mrefu.

"Mjukuu wangu, unapiga picha majani?"

"Ndiyo babu. Haya mekundu."

"Basi piga. Likishakuwa hivyo ujue maua yako njiani, na nyuki washapata habari."

Tangu siku hiyo siwezi kuyatazama yale majani bila kufikiria mizinga.

Kuna jambo liliniuma mwaka juzi na bado halijaniisha. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi uliichukua picha yangu ya mteremko mwekundu, nilioupiga si mbali na Nachingwea mjini, ukaiweka bila jina langu na kuandika kuwa ni Ulaya. Watu wakaisifia kwa mamia. Kuibiwa jina kuliniudhi, sikatai. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika mamia yale hakutokea hata mmoja wa kusema, hapa ni kwetu. Hatuijui sura ya nyumbani kwetu. Kusini inapigwa picha ikiwa na magunia ya korosho, au magofu ya Kilwa Kisiwani, basi. Korosho ni uhai wetu na magofu yale ni urithi wa dunia tangu 1981, lakini msitu ulioko katikati unapitwa na basi, abiria wote wamelala.

Kwa anayetaka kuupiga, mwanga ndio kila kitu. Karibu na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa hapa Lindi na Mtwara, kivuli chako unakikanyaga, na wekundu wote unageuka kuwa kahawia ya udongo. Jua linachomoza mnamo saa kumi na mbili asubuhi na linatupa saa moja, moja na nusu hivi, ya mwanga mlalo. Ukichelewa kwa ajili ya chai umeikosa siku hadi jioni. Simama jani likiwa kati yako na jua. Kwenye simu gusa lile jani, kisha shusha mwanga kidogo hadi wekundu uanze kuonyesha mishipa, maana rangi nyekundu ndiyo inayowahi kuungua kwenye picha. Na usiiachie kamera ijichagulie yenyewe rangi ya mwanga. Itadhani umekosea, itaupoza wekundu wote. Iweke kwenye alama ya jua.

Moto siwezi kuunyamazia. Nilipopita safari hii, sehemu mbili nilizozizoea nimezikuta nyeusi. Kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kuna maana yake na wazee wanaijua. Moto kichaa wa Septemba na Oktoba ni kitu kingine: nyasi ni kavu kama karatasi, moto unapanda juu, unaunguza machipukizi yaleyale ambayo mti umeyatoa kwa akiba yake ya mwisho. Nimezipiga picha hizo pia, na nitazionyesha. Mpiga picha anayekwepa majivu anaeleza nusu ya msimu.

Baharini nako upepo wa kusi umelegea na maji yameanza kuwa maangavu. Nyangumi wenye nundu bado wanapita, nimewaona mara moja kutokea ufukweni Msimbati, pumzi yao inapanda kama moshi wa kuni mbichi. Naulizwa kama nitapeleka watu kwa boti kuwafuata. Hapana. Wamekuja kuzaa na kulea, na sioni picha inayostahili kumfukuzia mama na mwanawe.

Sasa mafunzo yenyewe ya picha. Ya kwanza yatakuwa wikiendi ya mwanzo ya Oktoba, siku mbili kwenye miombo ya njia ya Liwale, watu wanane tu, kwa sababu wakizidi hapo wanapigana picha wenyewe kwa wenyewe. Tutalala Nachingwea na kuondoka saa kumi alfajiri. Gharama ni mafuta, chakula na malazi, tunachangia sawa.

Ya pili ni ya pwani, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kiingilio cha hifadhi kila mtu analipa chake. Tarehe nitaipanga kwa mwezi wa angani. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ikikolea maji hupwa sana, ila hupwa mnamo saa nne, jua limeshapanda. Nataka siku mbili tatu kabla yake, maji yakitoka mapema, akina mama wakiwa wanaingia mwambani na vijiti vyao vya pweza na ndege waitwao sululu waliotoka mbali wakidonoa matopeni kwa midomo iliyopinda. Na tutaomba ruhusa kwa akina mama hao kwanza, kwa salamu kamili. Asiyetaka kupigwa hapigwi.

Novemba nitakaa na wanafunzi wa sekondari hapa Lindi mjini, bure, kwa simu tu, tukisubiri wingu la kwanza juu ya ghuba. Hawa nawapa kipaumbele kuliko wote.

Kuna walioniuliza vifaa. Kamera yoyote inatosha, simu yoyote yenye lenzi safi inatosha. Futa lenzi kwa kanga iliyofuliwa mara nyingi. Stendi kama huna, njoo na kifuko cha kilo moja ya mchele kilichoshonwa vizuri: kinakaa juu ya jiwe au dirisha la gari, kamera inatulia, na jioni ya pili tunakifumua tunaupika kwa nazi.