Mchanga una jina la mto

Mgeni akivuka mto wetu mwezi wa Septemba hudhani amekanyaga jangwa. Hakuna tone la maji, ni mchanga mtupu ukingo kwa ukingo, na nyayo za punda. Lakini susu, yaani nyanya yangu, alikuwa akipiga magoti katikati ya mto huohuo akifukua kwa kibuyu, na kabla mkono haujazama hadi begani maji yalianza kujikusanya, baridi kuliko ya mtungini. Sisi wa Makueni, Ukambani nchini Kenya, tumelelewa na mito ya namna hiyo. Maji yapo, yamejifunika blanketi, na siku hizi blanketi lenyewe, mchanga, ndilo linalopakiwa kwenye malori kwenda kujenga nyumba za mjini.

Asiyetoka Ukambani huenda asielewe kwa nini tunaulilia mchanga. Katikati ya chembe zake mna nafasi, na mchanga mnene wa mtoni waweza kubeba maji ya robo ya ujazo wake, hata zaidi. Dimbwi la wazi hulimaliza jua kwa majuma machache, lakini maji yaliyojificha nusu mita na zaidi chini ya mchanga jua haliyapati kirahisi. Ndiyo siri ya mabwawa ya mchanga. Vikundi vya mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi, hukusanya mawe, hujenga ukuta wa zege juu ya mwamba kukatiza mto, kisha huachia mafuriko yafanye kazi: mchanga mzito unanasa nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Baada ya misimu michache bwawa limejaa mchanga, na mchanga umejaa maji. Sijaona tangi la bei nafuu kuliko hilo.

Mchanga ukizolewa hadi mwamba, tangi limebomolewa. Mvua ikija, maji yanapita mbio kuelekea baharini bila kusimama kutusalimu. Kingo zinaporomoka na migomba ya watu, nguzo za madaraja zinabaki uchi, na visima vya jirani vinashuka kina hadi kamba haifiki.

Vijana wanaopakia kwa sepetu siwezi kuwatukana. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikishindwa. Mahindi yakauka yakiwa kimo cha goti, mbuzi wakauzwa kwa bei ya kuku. Kijana gani atakataa pesa za taslimu za kujaza lori usiku mmoja? Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapotuchezea shere: yanakula shamba, yanamsukuma mwenye shamba mtoni, naye anauza akiba ambayo ingemvusha ukame ujao.

Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na naipongeza, maana serikali nyingi huona mchanga kama ushuru tu. Lakini sheria inalinda mto, na mwenye njaa ya mchanga yuko Nairobi. Ukifunga njia ya Makueni, lori linageuza pua kuelekea Machakos, Kitui au Kajiado.

Na mwenye njaa huyo ni mimi pia. Nyumba yangu ya Kitengela imesimama kwa mchanga wa mtoni. Lori lilifika saa nne usiku, nikamuuliza dereva ametoka mto gani, akacheka: “Mchanga ni mchanga, boss.” Nikalipa, nikalala.

Wahandisi husema dawa ni kusaga mawe tupate mchanga wa mashine. Sawa, lakini jiwe nalo hutoka kwenye kilima cha mtu. Pita Mlolongo na Katani uone mashimo na vumbi. Machimbo yanaweza kutibiwa, hilo halina ubishi: kule Bamburi, Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo ya chokaa yaliyokuwa kama uso wa mwezi. Mivinje ikakubali, majani yake makavu yakagoma kuoza, akaleta majongoo wayatafune yawe mboji. Leo ni msitu wenye twiga. Nawapenda sana majongoo wale. Ila ilichukua miaka mingi na mtu mwenye kichwa kigumu, na mashimo mengi hayakujaliwa mtu wa aina hiyo.

Hata nishati safi ina ugonjwa huuhuu wa kuchukua mali ya mahali bila kuwauliza wenyeji. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na megawati 310, na ninaufurahia ninapowasha taa. Lakini Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake, takribani ekari 150,000, zilitolewa kinyume cha utaratibu. Huko Kinangop, wakulima walipinga mradi wao wa upepo hadi ukafa mwaka 2016. Watu hao hawachukii umeme. Walitaka kuulizwa kabla ya tingatinga kufika, basi.

Mimi ningeanzia upande wa mnunuzi. Kila lori la mchanga linaloingia mjini libebe karatasi yenye jina la mto, sehemu ya mto, na kikundi cha kijiji kilichoridhia. Benki inayokopesha mjenzi iidai. Ofisi inayopitisha ramani za majengo iidai. Anayenunua nyama hutazama muhuri, kwa nini anayenunua mto asitazame kitu?

Juzi nilihitaji mchanga kidogo wa kumalizia ukuta wa nje, nikamwambia muuzaji sichukui bila karatasi ya jina la mto. Akanitazama kwa huruma, akatoa kalamu mfukoni. “Taja unaoupenda,” akasema, “nikuandikie.”