Upanga wa Siegmund na motifu inayosumbua

Wanaomcheka Richard Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani, wana hoja ambayo haijachuja tangu mfululizo wake Der Ring des Nibelungen uonyeshwe mzima kwa mara ya kwanza, mjini Bayreuth, mwaka 1876: kila mhusika na kila kifaa katika opera zile nne kina kipande chake cha muziki, na kikitajwa tu, okestra inakipiga. Mtunzi Mfaransa Debussy alivifananisha vipande hivyo, yaani motifu, na kadi za kujitambulisha. Na kweli, katika Siegfried, opera ya tatu, Wotan, mkuu wa miungu, na kibeti Mime wanapotegana vitendawili, kila jibu linaletwa na motifu yake, majitu kwa ya majitu, Valhalla, ngome ya miungu, kwa ya Valhalla. Hapo sina utetezi.

Ila dhihaka hiyo inawastahili zaidi waliotunga majina. Mwaka huohuo wa 1876 Hans von Wolzogen, rafiki wa Wagner, alitoa mwongozo wa kuzibatiza motifu. Mwaka 1879 Wagner mwenyewe alinung'unika kwamba rafiki yake ameangalia maana ya motifu kwenye tamthilia, akaacha kazi ya motifu hizo kwenye muziki.

Chukua ile iitwayo "kukana mapenzi". Katika Das Rheingold, opera ya kwanza, anaiimba Woglinde, mmoja wa mabinti wa mto Rhine: ayakanaye mapenzi ndiye atakayeweza kuifua dhahabu ya mto Rhine iwe pete ya kutawala dunia. Kibeti Alberich anayalaani mapenzi, anakwapua dhahabu. Jina limekaa. Kisha, tendo la kwanza la Die Walküre, opera ya pili, shujaa Siegmund, ambaye ndiyo kwanza amempata mpenzi wake Sieglinde, anashika mpini wa upanga uliokita mtini, na mahadhi anayoimba ni yaleyale. Anakana nini, huyu aliyezama mapenzini?

Wapo wanaodai Wagner alijisahau, au alitaka tu muziki wa majonzi. Siwaamini. Katika tendo linalofuata Brünnhilde, binti wa Wotan anayewapeleka mashujaa waliokufa Valhalla, anamwahidi Siegmund makao huko; akiambiwa Sieglinde hatakuwako, anakataa. Alberich aliwekewa mapenzi huku na utawala kule; Siegmund anawekewa mapenzi huku na utukufu kule, akachagua kinyume, na anakufa. Motifu inabeba uchaguzi wenyewe, na gharama yake. Jina la Wolzogen lilishika jibu la Alberich peke yake.

Na wanaocheka watueleze mpito wa kuingia onyesho la pili la Das Rheingold. Motifu ya pete, yenye kiza, inalainishwa hatua kwa hatua hadi, pasipo neno kuimbwa, imekuwa Valhalla. Wotan bado amelala, pete hajaiona, na okestra imeshamfanya jamaa ya Alberich.