Mtaalamu Anayekuacha Nje ya Mlango

Wazazi wenzangu mnaponiuliza mtoto asiyeongea apelekwe kwa nani, wengi mnataka jina na namba ya simu. Mimi huanza na swali: mtoto akiwa anafundishwa, wewe utakuwa wapi? Ukiambiwa nafasi yako ni kwenye benchi la nje, tafuta mwingine, hata kama huyo amesoma ng'ambo na ukuta wake umejaa vyeti.

Nalisema hili bila kulainisha. Mtaalamu wa tiba ya usemi akimwona mtoto kwa saa moja kila wiki, saa zote zilizobaki mtoto yuko na sisi: mama, baba, bibi, dada wa kazi, ndugu zake, mwalimu. Maneno anayapata akiogeshwa, akilishwa, akigombania rimoti na kaka yake. Basi mtaalamu anayefaa ni yule anayetufundisha sisi tunaoshinda na mtoto. Akimfungia chumbani halafu akamtoa na kusema "leo amejitahidi sana, mama," umelipia saa moja na wiki nzima imekwenda bure. Tulianza na kliniki ya namna hiyo, na nilipouliza nifanye nini nyumbani nikajibiwa niwaachie wataalamu. Tuliondoka.

Aliyetufaa baadaye alikaa nami sakafuni, mtoto katikati. Alinionyesha kuweka kikombe cha juisi mahali ambapo mwanangu anakiona ila hakifikii, kisha ninyamaze. Ninyamaze kweli, nihesabu moyoni mpaka kumi, nimtazame usoni kama mtu anayengoja jibu. Alinikataza mvua ya maswali ya "hii nini? na hii?", kwa sababu mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano), kama wangu, akihojiwa hivyo anaweza kujifunga zaidi. Akanifundisha kuongeza kidogo juu ya alichosema mtoto: akisema "maji," mimi niseme "maji baridi," bila kumlazimisha arudie. Bibi yake alifundishwa hayo hayo, na ni yeye aliyeyafanya vizuri kuliko sisi sote, maana hana haraka.

Haya hayakubuniwa kwa sebule yangu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto waliochelewa kukua, yaliyotungwa kwa ajili ya sehemu zenye wataalamu wachache: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Wataalamu wa usemi kwetu ni wachache na wengi wao wako mijini. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, na hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoanza kupata wahitimu wake yenyewe. Kwa uchache huo, mtaalamu asiyetaka kumgawia mzazi ujuzi anawanyima watoto wengi, wakiwemo wale ambao hawataufikia mlango wake kamwe.

Kabla ya kutafuta mtaalamu, apimwe masikio. Nalirudia kwa kila mzazi. Anayeitwa mkaidi, anayeitwa bubu, anayedhaniwa ana usonji, wote wapimwe masikio kwa vifaa, kwenye hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa na kuona kama atageuka si kipimo. Mtoto anaweza kusikia sauti nzito akakosa sauti nyembamba, akawa anageuka unapomwita na bado asizishike konsonanti. Mtaalamu wa usemi anayepokea hela yako bila kuuliza majibu ya masikio yako wapi, muulize kwa nini. Na usikubali kungoja kwa kuwa baba yake naye alichelewa kuongea. Mtoto wa miezi 16 asiye na neno hata moja, au wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili kama "baba njoo," anastahili kuonwa na mtu anayejua.

Kuna pia habari ya kukata. Huku kwetu mtoto akichelewa kusema utaambiwa ana udata, ulimi umeshikwa chini, au akatwe kimeo. Kimeo hakihusiani kabisa na kuchelewa kuongea, na kukikata mtaani kumeua watoto kwa damu na maambukizi. Udata upo kweli, lakini unaweza kusumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti. Haumfanyi mtoto asielewe lugha wala asitafute kuwasiliana. Uamuzi wa kuukata ni wa daktari baada ya kumwangalia.

Sasa lugha yenyewe, ambayo ndiyo inayoniuma zaidi. Wazazi wengi tunaambiwa tuache Kiswahili, tuache na kilugha cha bibi, nyumbani kiwe Kiingereza kitupu ili mtoto "asichanganyikiwe." Nimewaona mama wanaohangaika kumbembeleza mtoto kwa lugha wasiyoiweza, na bibi waliogeuzwa mabubu ndani ya nyumba zao. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na usemi, wanaolelewa kwa lugha mbili na wenzao wa lugha moja. Wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma katika Kiingereza, na juu yake walikuwa na lugha nyingine. Mtoto anahitaji lugha ambayo watu wanaompenda wanaimudu, wanayoweza kuimba ndani yake na kutania.

Kwa hiyo mtaalamu nampima pia kwa Kiswahili chake. Vipo vipimo vya nje ambavyo mtoto huonyeshwa paka mmoja, kisha paka wawili, na mtaalamu anasikiliza kama ataongeza sauti ya "s" mwishoni, kama wingi wa Kiingereza unavyotaka. Kwetu wingi unakaa mwanzoni, mtoto na watoto, na kwa paka hata hapo haupo. Unausikia kwenye kitenzi, paka amelala, paka wamelala. Kipimo cha namna hiyo kikitafsiriwa tu, mtoto anapata alama za chini bila kosa lake. Anayeijua lugha yetu atasikiliza kama mtoto ameshafika kwenye "nataka," kama anaitofautisha na "anataka," na kama anaweza kusema "sitaki." Siku mwanangu aliposema "sitaki" nilishangilia, kwa sababu kukanusha huko kunaibadilisha sura yote ya kitenzi, na yeye alikuwa amekishika. Mtaalamu huyo pia hatakutisha kwa mtoto wa miaka mitatu anayesema "lafiki." Sauti ya "r" huchelewa, na wapo watu wazima wengi wanaobadilishana "l" na "r" kwa lafudhi ya kwao.

Vibao vya picha vinawaogopesha wazazi. Hofu yetu ni kwamba mtoto akizoea kuonyesha picha ya chai hatahangaika tena kusema "chai." Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliwaangalia watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara zaidi: hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa sababu ya picha, alama za mikono au vifaa, na asilimia 89 waliongeza. Nyongeza mara nyingi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa nyongeza. Mtaalamu anayesema "tusubiri kwanza aongee" anamwacha mtoto bila njia ya kusema kwamba tumbo linamuuma. Na kwa mtoto kiziwi, lugha ya alama ni lugha kamili. Asicheleweshewe kwa matumaini kwamba atasoma midomo au ataongea.

Kupuliza maputo, filimbi na mishumaa ili "kuimarisha ulimi," nayapita haraka. Kama lengo ni mtoto kuongea, mazoezi yafanywe kwa kuongea. Hakuna ushahidi mzuri kwamba kupuliza huleta maneno.

Mwalimu ni habari nyingine, kwa sababu kwake mtoto anashinda. Sikuanza na mtaala. Niliuliza mtoto akijisaidia kwenye nguo anabadilishwa na nani, na wapi. Niliuliza akiziba masikio kwa sababu ya kelele anapelekwa wapi kutulia. Na niliuliza kuhusu fimbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko. Tanzania kanuni bado zinairuhusu shuleni kwa masharti, kwa hiyo mzazi usione haya kuuliza. Mtoto asiyeelewa amri huonekana jeuri, na jeuri huchapwa. Nataka mwalimu aniambie mwenyewe, mbele ya mwalimu mkuu, kwamba mwanangu hatapigwa, na nataka kuingia darasani siku ambayo sikualikwa. Shule iliyokataa hilo tuliiaga.

Uliza pia alisomea nini. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimefundisha walimu wengi wa elimu maalumu, lakini mwalimu huwa na eneo lake: kuna aliyesomea watoto wasioona, kuna wa viziwi, kuna wa ulemavu wa akili. Bingwa wa nukta nundu, maandishi ya wasioona, anaweza kujikuta kwenye kitengo chenye watoto wa usonji. Hilo si kosa lake, na wapo waliojifunza upya kwa moyo wote, ila ujue ili umsaidie. Mwalimu wa mwanangu hakusomea usonji. Tulimchagua kwa sababu alipokutana naye mara ya kwanza alichuchumaa, akakaa kimya, akangoja mtoto amsogelee. Na alikuwa anauliza: anapenda nini, anaogopa nini, nyumbani mnamwitaje.

Mwisho ni kuwakutanisha. Mtaalamu wa usemi na mwalimu wasipojuana, mtoto anafundishwa picha huku na kunyang'anywa kule. Sisi tunatumia daftari moja linalokaa kwenye begi la mtoto. Mtaalamu anaandika malengo mawili tu ya kipindi hicho, kwa maneno ambayo dada wa nyumbani anaweza kuyasoma; mwalimu anaandika kilichotokea; mimi naandika ya nyumbani. Kila baada ya miezi mitatu tunalisoma pamoja. Kama malengo hayajasogea, namuuliza mtaalamu atabadilisha nini. Akiwa na jibu tunaendelea. Akimlaumu mtoto, au akiniambia niongeze vipindi bila kunieleza kwa nini, naomba nakala ya taarifa zake zote na ninampeleka mwanangu kwingine.