Wahitimu wetu wana mkono wa birika?

Kila msimu wa mahafali lawama hurudi ileile: wahitimu wa vyuo vya umma ni wagumu kutoa. Walisomeshwa, wakapata kazi, wakajenga, na chuo kikiomba mchango wa bweni au maabara hawaonekani. Wenzao wa Marekani, tunaambiwa, wanajenga maktaba nzima. Lawama hii ina uzito wake, lakini inamsoma mhitimu vibaya.

Tuanze na uzito wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Nchi ilikuwa maskini na shule za sekondari zilikuwa za kuhesabu. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi wa enzi hizo na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo umekaa vichwani kwa miaka 60 na una haki ya kukaa, maana hakuna ada iliyowahi kulipa gharama kamili ya kumfundisha mtu Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa.

Tatizo ni kwamba mhitimu wa leo hakula chakula cha kijiji bure. Aliandikiwa deni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, na tangu sheria ilipobadilishwa 2016 makato yalipanda kutoka 8 hadi 15 kwa mia ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa 1,200,000 anakatwa 180,000 kila mwezi kabla hajaushika. Kwa miaka kadhaa juu ya hapo palikuwa na tozo ya kutunza thamani ya mkopo, 6 kwa mia kwa mwaka, ambayo Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021. Wakati wa tozo ile mtu aliweza kukatwa mwaka mzima, akaomba taarifa ya deni lake na kukuta halijashuka kama alivyotarajia. Mtu huyo huyo anapopokea ujumbe wa chuo unaoanza na maneno “ni wakati wa kurudisha”, unadhani anasikia nini?

Wachumi wawili wa Marekani, Jonathan Meer na Harvey Rosen, walipekua kumbukumbu za michango ya wahitimu wa chuo kimoja kikubwa ambacho hawakukitaja jina. Walichochapisha 2012 kinatuhusu kuliko hadithi zote za matajiri. Aliyesoma kwa mkopo alikuwa na uwezekano mdogo wa kuchangia kuliko mwenzake asiyekopa, na kadiri mkopo ulivyokuwa mkubwa ndivyo mchango wake, akitoa, ulivyokuwa mdogo. Jambo la kutafakari ni sababu. Waliona kwamba ugumu wa mfuko hautoshi kueleza tofauti hiyo, wakakisia kwamba chanzo ni kero: mhitimu ana kinyongo na deni. Aliyesoma kwa ufadhili usiorudishwa alitoa kiasi kidogo zaidi, lakini uwezekano wake wa kutoa haukupungua kwa namna ya maana.

Kama kinyongo kiliweza kuonekana kwenye chuo cha watu wenye nafasi, tukitarajie kikubwa zaidi hapa, ambako mkopo ndiyo njia ya kawaida ya kusoma. Na kinyongo chetu kina kosa la anwani ndani yake. Makato ya Bodi hayaendi chuoni. Yanarudi Bodi na kukopeshwa wadogo zake mhitimu waliopo darasani sasa, na huo nao ni mchango, ingawa wa lazima. Chuo hakipati hata senti ya shukrani kutoka humo, lakini chuki yote kinabeba chenyewe. Viongozi wachache sana wa vyuo huanza ombi lao kwa kulisema hilo wazi: tunajua unakatwa, tunajua pesa inakokwenda, na tunachokuomba ni kitu kingine.

Kama unadhani mhitimu ni mchoyo, tazama simu yake. Yumo kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake la chuo, na humo hutoa. Mwenzao akifiwa, ndani ya saa mbili mweka hazina ametajwa, namba imewekwa, orodha imeanza: jina, kiasi, tiki. Baada ya mazishi mweka hazina anaandika kilichoingia, kilichotoka, salio. Harusi ni hivyo hivyo, hospitali ni hivyo hivyo. Watu haohao wanaoitwa mkono wa birika wanahamisha mamilioni kwa mwaka, bila mkataba wowote, kwa kuaminiana tu. Wanatoa kwa sababu ameomba mtu wanayemjua, kwa jambo wanaloliona, na hesabu inarudi. Meer aliwahi kuonyesha pia, kwa takwimu za wahitimu, kwamba mtu hutoa zaidi akiombwa na aliyeishi naye chumba kimoja chuoni. Sisi tulilijua hilo zamani kwenye misiba.

Chuo kinavyoomba ni kinyume chake kabisa. Barua inatoka kwa ofisi, imesainiwa na cheo. Lengo ni “maendeleo ya chuo”. Kianzio ni chakula cha jioni hotelini, watu wanasimama na kuahidi mbele ya kamera, na sehemu kubwa ya ahadi inabaki kwenye karatasi. Malipo yanahitaji namba ya malipo ya serikali, nayo isipotolewa ya kudumu inaisha muda kabla mtu hajapata mshahara. Pesa ikiingia inachanganyika na mapato mengine kwa kukosa kasma yake, yaani fungu lake la peke yake katika hesabu za chuo. Mwaka unapita bila taarifa. Anayeombwa tena mwaka wa pili anakaa kimya, na ukimya wake unaitwa uchoyo.

Sasa twende kwenye kiasi, maana hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Tangu 2022 posho ya chakula na malazi ya mwanafunzi mwenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Aliyepita chuo anajua bumu, kama posho hiyo inavyoitwa, likichelewa wiki mbili kinachotokea: watu wanakula mara moja, wanabebana kitanda kimoja, wengine wanarudi nyumbani na kukosa jaribio. Wiki mbili ni 140,000. Kwa hiyo elfu kumi ya mhitimu ina kipimo: ni siku moja ya mwanafunzi mmoja. Wahitimu 1,000 wakitoa elfu kumi kila mwezi, mwaka unafunga na milioni 120, sawa na siku 12,000. Hizo ni siku 30 kwa wanafunzi 400. Chuo chenye wahitimu makumi ya maelfu hakihitaji matajiri ili kupata 1,000.

Wakuu wa vyuo hupenda fedha kama hizo ziende kwenye mfuko wa kudumu, ambao mtaji huwekezwa na faida tu ndiyo hutumika, na hoja yao ni nzito: mfuko hauishi. Lakini ufanye hesabu. Milioni 120 ukiziwekeza na kutumia 5 kwa mia ili mtaji usiliwe na mfumuko wa bei, unapata milioni 6 kwa mwaka, yaani siku 600. Mchangiaji wa elfu kumi hataona chochote kwa miaka mingi, na asiyeona haendelei. Michango midogo ya kila mwezi itumike mwaka uleule, kwa dharura za wanafunzi, na taarifa itoke kila baada ya miezi mitatu ikitaja siku ngapi zililipwa bila kutaja majina ya waliolipiwa. Zawadi kubwa za mara moja, wosia na fedha za kumbukumbu ya marehemu ndizo za mfuko wa kudumu. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kumeua mifuko mingi ikiwa bado michanga.

Marafiki wa chuo wasiosoma hapo wana sababu zao, na ni rahisi kuzieleza. Kampuni hutoa zawadi ya mwanafunzi bora kwa sababu inamtaka mwanafunzi huyo. Familia hutoa kwa jina la mzazi. Serikali rafiki hutoa kwa sababu za kiserikali: maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja, ilijengwa kwa msaada wa China. Ni zawadi nzuri, ila haiwezi kumlisha msomaji wakati bumu halijaingia.

Wapo wanaopinga jambo zima, nao wasikilizwe. Wanasema chuo cha umma ni wajibu wa serikali, na kila shilingi ya mhitimu inaipa Hazina sababu ya kupunguza yake. Wanasema pia kwamba fedha za wahitimu hufuata vitivo vyenye waajiriwa wa mishahara minono na kuacha vingine vikauke. Hoja ya pili ni kweli, na dawa yake ni mfuko wa dharura usiouliza mtu anasoma nini. Ya kwanza ni kweli pia kwa majengo na mishahara. Mabweni ni kazi ya bajeti. Lakini hakuna bajeti ya serikali inayoweza kumpa mwanafunzi 140,000 Jumanne kwa sababu Jumatano hana pa kulala. Hiyo ni kazi ya watu wa karibu.

Anayetaka kuanza aanze na darasa moja, si chuo kizima. Darasa lililomaliza miaka 10 au 15 iliyopita, lenye mweka hazina anayeaminika tayari, kiasi kimoja, lengo moja, namba ya malipo ya kudumu na kasma yake chuoni. Aepuke kuomba Januari na Julai, miezi ya ada za watoto. Michael Bloomberg, aliyetoa dola bilioni 1.8 kwa Johns Hopkins mwaka 2018, alianza na dola 5 mwaka uliofuata baada ya kuhitimu hapo, na mazoea yalianzia hapo.

Na upo mwezi mmoja ambao kila mhitimu anaukumbuka: ule ambao makato ya Bodi yamekoma na ile 180,000 imebaki kwenye mshahara kwa mara ya kwanza. Chuo hakina taarifa hiyo, wala hakipaswi kuwa nayo. Darasa linayo, kwa sababu mwenyewe ataiandika kwenye kundi siku hiyohiyo, kwa furaha. Mweka hazina akimpongeza, na kesho yake akamuuliza kama anaweza kulipia siku moja kwa mwezi, wengi watasema ndiyo.