Eti "Ni Dakika Mbili Tu Mkuu"

Hivi ni nani aliyewaambia watu kwamba katuni inatengenezwa kwa kubonyeza kitufe? Nauliza kwa nia njema kabisa, nataka tu nijue anakaa wapi nikamsalimie. Maana kila mteja anakuja na wimbo uleule, "mkuu, ni kakatuni kafupi tu, dakika mbili, tunaihitaji Ijumaa." Na anakuambia Jumatatu jioni, tena kwa sauti ya upole, ukikataa wewe ndo unaonekana una roho mbaya.

Haya tupige hesabu. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24 zinazopita moja baada ya nyingine. Dakika moja ni fremu 1,440. Dakika zako mbili bosi ni fremu 2,880. Ukiamua kubana matumizi unachora picha moja unaikalisha kwenye fremu mbili, zinabaki picha 1,440, na jicho la mtazamaji halilalamiki sana. Sasa hiyo ni kwa mhusika mmoja tu. Skripti ya huyu bosi ina wahusika wawili wakubwa, mbwa anayeongea, na mstari mmoja umeandikwa hivi: "umati mkubwa unashangilia." Basi. Aliyeuandika kaweka nukta akaenda kulala. Mimi ndo wa kuuchora huo umati, kichwa kwa kichwa, na kushangilia maana yake mikono iko juu, na mikono jamani ina vidole.

Vidole! Mshawahi kujiuliza kwa nini katuni nyingi zina vidole vinne? Sio kwamba wachoraji hatukufika darasa la kuhesabu. Ukipunguza kidole kimoja kila mkono, kila picha, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, umejirudishia usingizi wa kutosha tu, na mkono wenyewe unaonekana vizuri zaidi, haujajaa. Nikamwambia bosi tuweke vinne. Akanijibu, "hapana mkuu, weka vitano, tunataka uhalisia." Filamu yenyewe ina mbwa anamshauri mtu mambo ya ndoa, lakini vidole viwe na uhalisia.

Afu tuje kwenye midomo, hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Herufi m, b na p mdomo lazima ufunge. Hakuna namna, mhusika akisema "mama" huku mdomo uko wazi hata mtoto mdogo atajua kuna kitu hakiko sawa, ila hatajua ni nini, atasema tu hii katuni mbaya. Sa huyu mwandishi wetu, Mungu amweke, sentensi ya kwanza kabisa ya filamu ameandika: "Mbona baba haamki mapema?" Isome taratibu uone mdomo wako unavyofanya. Unafunga kwenye mbona, unafunga mara mbili kwenye baba, unafunga kwenye haamki, mapema peke yake mara tatu. Mdomo umefungwa mara saba kwenye swali moja, na yule mwigizaji wa sauti kalisema haraka haraka kama anadaiwa! Nikaomba tubadilishe iwe "kwa nini huyu halali usiku", mdomo unabaki wazi muda wote, maana karibu ni ileile, si wote wana tatizo la usingizi? Wakakataa. Nikakaa nafungua na kufunga mdomo wangu mbele ya kioo kidogo nilichoegesha kwenye skrini, mke wangu akapita, akasimama, akaniangalia, akasema "nikuletee maji?" akaondoka zake bila kusubiri jibu.

Ndo maana mtu wa katuni mwenye dedilaini anakuwa mjanja kupita kiasi. Ukiona mhusika anaongea muda mrefu huku ametupa mgongo, usidhani ni usanii wa kuonyesha huzuni, hapo mtu amekwepa midomo. Ukiona ukungu umetanda, miguu imekwepwa, kwa sababu kumtembeza mtu bila mguu kuteleza sakafuni ni kazi ya kutoa machozi. Ukisikia gari limegonga kitu nje ya picha, kamera ikatikisika kidogo na wahusika wote wakageuza shingo, ujue ajali ingekula wiki na shingo zimekula mchana mmoja. Na ule umati wangu? Usiku. Vivuli vyeusi, vichwa tu, nimechora vichache nikavinakili nikavigeuza kushoto kulia, wanapanda wanashuka, wanapanda wanashuka, sauti ya kelele imefanya kazi iliyobaki. Bosi akasema "hii sehemu ina hisia sana."

Kuna na hawa washauri wa mbali. Ile filamu ya katuni ya Latvia, Flow, imechukua Oscar mwaka 2025 na imetengenezwa kwa Blender, programu ya katuni ya bure kabisa, basi kila mtu kaniletea habari zake kama vile mimi sisomi. "Unaona wenzako? Programu ya bure, Oscar!" Nawapongeza, wanastahili. Lakini mbona hakuna anayemalizia habari, kwamba ile kazi ilichukua zaidi ya miaka 5? Mimi nimepewa mpaka Ijumaa. Cha bure ni programu, mgongo wangu sio wa bure. Na wale wa "si utumie AI tu", nilijaribu, ikanipa mhusika anayeingia mlangoni na shati la bluu anatokea upande wa pili na la kijani na ndevu. Tuendelee.

Kurenda. Hapa ndo urafiki unapoishia. Yaani umeshamaliza kila kitu, wahusika wanatembea, wanaongea, taa umeweka, unaiambia kompyuta sasa nigeuzie hivi vitu viwe picha. Inafikiri. Fremu ya kwanza, dakika tatu. Mtu unaona aah dakika tatu si nyingi, kumbe zidisha mara 2,880, ni dakika 8,640, ni saa 144, ni siku sita usiku na mchana bila kupumzika. Jumatatu jioni mpaka Ijumaa hazipo siku sita, hata tukihesabu kwa ukarimu. Kwa hiyo unaanza kukata, punguza vivuli, punguza mng'ao kwenye macho, zile nywele za mbwa zilizokuwa zinapeperuka sasa zimelala kama amepakwa gundi, na dakika tatu zinakuwa moja na ushee. Picha imeanza kuwa na chenga chenga lakini nasema hiyo ni staili.

Na unarenda picha moja moja, fremu kwa fremu, usije ukathubutu kurenda video nzima kwa mkupuo, maana kompyuta ikiganda fremu ya 2,000 una picha zako 1,999 mkononi unaendelea ulipoishia, lakini ukiwa na video nusu huna kitu. Feni ya kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga, chumba kimepata joto, na wewe umekaa tu huwezi kugusa chochote. Watu wakipita wanaona umekaa. Mama akapiga simu, "mwanangu uko kazini?" Nikamwambia ndiyo mama. "Unafanya nini saa hizi?" Naangalia, mama. Kimya kirefu. Akaniambia nisali.

Sasa usiku wa manane, fremu ya 1,311, naliona goti. Goti la mhusika limetokeza nje ya suruali, limepenya kitambaa, liko pale linanichekea. Fremu moja tu! Sehemu moja ya 24 ya sekunde, nani ataliona? Bosi ataliona. Bosi ambaye hajaona kwamba skripti yake haina mwisho, goti ataliona. Nikasimamisha kila kitu nikalirudisha ndani ya suruali, na nikiwa hapo nikaona na kiwiko.

Ijumaa nikatuma. Faili likawa kubwa, likakataa, nikalibana, likakubali, mstari wa kupandisha ukafika asilimia 99 ukapumzika pale muda mrefu kweli kweli, hatimaye likaenda. Sikutegemea asante, ila majibu yakaja haraka kuliko kawaida: "Safi sana mkuu, tumeipenda. Sasa tupe na ile ya wima ya kuangalia kwenye simu, si unaigeuza tu?"

Kuigeuza tu. Picha yangu ina upana wa pikseli 1,920 na kimo 1,080, yeye anataka kinyume chake. Wahusika wangu wamesimama mmoja kushoto kabisa, mwingine kulia kabisa, mbwa katikati. Ukiikata wima, wote wawili wanaondoka, anabaki mbwa. Kwa hasira nikaikata hivyohivyo nikamtumia, mbwa peke yake dakika mbili nzima anaongea na watu wasioonekana.

Kajibu kwamba hii ndo nzuri zaidi, na anauliza kama naweza kumtoa mbwa kwenye ile ya kwanza nikamweka peke yake, kwa bei ileile.