Otaku wa Buruburu na otaku wa Nagoya

Desemba iliyopita nilirudi Nairobi kwa likizo baada ya miaka 6 ya kazi mjini Nagoya. Siku ya pili tu, jirani alipokuja kutusalimu nyumbani Buruburu, mpwa wangu wa miaka 16 alijitambulisha kwake kwa kusema, "Mimi ni otaku," yaani shabiki sugu wa katuni za Kijapani, kwa sauti ileile ambayo mwenzake angetumia kusema kwamba yeye ni mwanakwaya. Nilishtuka, kwa sababu katika kiwanda cha vipuri vya magari ninakofanya kazi, mwenzangu mmoja alisimama kando yangu miaka 2 kabla ya kuninong'oneza neno hilohilo, tena baada ya kutazama nyuma kuona kama yuko anayesikia.

Asili ya neno hili ni adabu. Maana yake ya kwanza ni nyumbani kwako, na Wajapani hulitumia kumwita mtu wasiyemzoea, karibu na sisi tunavyouliza, "Kwenu hawajambo?" Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio aliligeuza kuwa la kejeli, akiwadhihaki vijana waliojazana kwenye Comiket, soko la vitabu vya katuni la Tokyo lililoanza mwaka 1975, ambao waliitana hivyo kwa heshima iliyozidi kipimo. Kisha mwaka 1989 alikamatwa mtu aliyewaua watoto wanne wa kike, magazeti yakamwita otaku, na neno likanuka kwa miaka mingi. Leo harufu hiyo imepungua, lakini mtu wa makamo kama mwenzangu hajaisahau.

Nairobi neno lilifika bila mzigo huo. Lilikuja ndani ya flashi, pamoja na vipindi vilivyonakiliwa kwenye vibanda vya filamu vya katikati ya jiji, na kila aliyelipokea alilikuta safi. Sisemi kwamba kwetu hakukuwa na aibu. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu alininyang'anya daftari la michoro yangu, akalichana mbele ya darasa na kusema kwamba nilikuwa nachora mashetani, na hadi leo naikumbuka sauti ya karatasi zile zikichanika. Lakini aibu ile ilitoka kwa watu wazima. Sisi wenyewe hatukuonana haya, na naamini hilo ndilo lililoliokoa neno.

Tofauti hiyo niliiona vizuri zaidi siku ya kongamano la Naiccon la Nairobi, ambako mashabiki huvaa kama wahusika wa katuni. Koti la mpwa wangu lilitoka kwenye mitumba ya Gikomba, nywele zake za buluu zilisukwa Kenyatta Market, na upanga wa kadibodi aliupaka rangi ya fedha mwenyewe, usiku kucha, sebuleni kwa dada yangu. Asubuhi alivaa vyote akapanda matatu, na kondakta akamsogezea upanga usivunjike. Comiket ina sharti kwamba mtu asije wala kuondoka akiwa amevaa mavazi ya mhusika. Hubadilisha nguo palepale. Nagoya yenyewe ina sherehe ya dunia ya mavazi hayo tangu mwaka 2003, na gwaride lake hupita katika mitaa ya Osu mbele ya umati, lakini jioni mavazi hurudi kwenye masanduku.

Wapo wanaolalamika kwamba maneno haya yanaharibu Kiswahili, nami sikubaliani nao. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda neno liishie kwa irabu, na kikipokea la Kiingereza hulitia irabu likatulia: shati letu kwao ni shatsu, koti ni kooto, basi ni basu, hoteli ni hoteru. Hata waifu, jina ambalo mashabiki humpa mhusika wa kike wanayempenda, ni neno la Kiingereza lililopitia Japani na kurudi likiwa limevaa irabu. Mpwa wangu anaposema "maotaku wa shule yetu", halazimiki kuukunja ulimi wala kuvunja sarufi.

Ningeomba tu vijana wayapime machache. Kwa Kijapani, baka ni mjinga, na marafiki huitana hivyo kwa utani. Ndani ya matatu ya Jogoo Road niliwasikia wavulana wawili wakirushiana neno hilo kwa kicheko, na mama aliyeketi mbele yao akageuka uso umemkunjamana, kwa maana yeye alisikia jinai. Mama yule hakukosea. Watu wa Nagoya wana neno lao la mjinga, tawake, ambalo halitamuumiza yeyote kwetu.

Senpai, yaani mtu aliyekutangulia shuleni au kazini, nalo limepungukiwa. Buruburu ni mvulana anayependwa na msichana asiyemtazama. Kwangu ni mzee mmoja wa zamu ya alfajiri aliyesimama nyuma yangu wiki tatu, akanifundisha kuacha kukaza nati pale tu spana inapolia tak, na kosa langu la kwanza akaliripoti kama lake. Tuliosoma shule za bweni tukiitwa mono, yaani wageni wa kidato cha kwanza, tungempenda senpai wa namna hiyo.

Neno lililonigusa kuliko yote ni isekai, dunia nyingine. Katika hadithi hizo mtu hugongwa na lori, akazaliwa upya kwenye nchi ya ajabu, na mara nyingi harudi tena. Mpwa wangu aliwaambia rafiki zake, "Anko alienda isekai," na nilipomweleza kwamba mimi sikufa, na tiketi yangu ni ya kwenda na kurudi, alinijibu kwamba shuleni kwao hata anayehamia bweni huitwa hivyo, na likizo hurudi nyumbani. Sikuwa na la kumsahihisha. Usiku wa kuondoka, mlangoni mwa JKIA, aliniambia, "Isekai njema, Anko," nami nikamwitikia kwamba tutaonana Desemba.