Hakuna Dereva

Siku ya mshahara ndiyo niliyoichagua kumbadilishia mhasibu wetu kompyuta. Wazimu wangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla pale Kariakoo, na mishahara ya watu thelathini na kitu inatoka kwenye programu moja kongwe ya uhasibu, niliikuta siku naajiriwa.

Saa tatu asubuhi mama mhasibu akaifungua kwenye kompyuta mpya. Ikagoma: chanzo cha data hakionekani, na hakuna draiva iliyotajwa.

"Inasemaje, mwanangu?"

"Inasema hakuna draiva, mama."

Akavua miwani, akatoka hadi kwenye ngazi, akaita. Punde dereva wa kenta akaingia mbio, funguo mkononi, chapati mdomoni. "Tunaenda wapi?"

Nikamweleza kwamba draiva hii ni kijiprogramu cha kuunganisha programu na hifadhidata, na kwamba programu yetu ni ya biti 32, muundo wa zamani, wakati kompyuta mpya ni ya biti 64. Akanitazama kama trafiki anavyotazama leseni iliyokwisha muda. Na hakuondoka, alivuta kiti akakaa nyuma yangu.

Nikaandika odbcad32, jina la kifaa cha Windows cha kupanga vyanzo vya data, dirisha likafunguka, nikaunda chanzo cha data, yaani maelekezo ya hifadhidata ilipo: jina lilelile, seva ileile. Nikabonyeza kitufe cha kujaribu. Imefaulu! Nikarudi kwenye programu: hakionekani. Nikafuta, nikaunda upya. Imefaulu, hakionekani. Mara tano. Unampigia mtu simu, anapokea mwenyewe, anakwambia hayupo. Nikazima kompyuta nikawasha. Nikachomoa waya wa mtandao nikaupuliza, jambo ambalo naomba lisifike chuoni niliposomea.

Saa sita vijana wa stoo walishajaa koridoni. Mmoja alikuja na daftari la madeni la mama ntilie, kama kidhibiti mahakamani.

"Fundi," dereva akasema, "hiyo programu si umesema ni ya thelathini na mbili?"

"Ndiyo, biti 32."

"Na hapo umefungua ya ngapi?"

Nikamwonyesha kwa dharau kidogo: folda inaitwa System32, faili inaitwa odbcad32. Anataka 32 ngapi?

"Mbona hapo juu pameandikwa 64?"

Nikasoma hapo juu. Jasho likanitoka, na kiyoyozi kinanguruma.

Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye vitu vya 64. Jina halikubadilishwa kwa sababu programu nyingi za zamani zilishalikariri. Vitu vya 32 vinakaa SysWOW64, na huko nako kuna faili inaitwa odbcad32. Ukiunda chanzo cha data cha mfumo, yaani cha kompyuta nzima, upande mmoja, upande wa pili hawana habari.

"Mtaani kwetu kuna mtu anaitwa Mfupi," dereva akasema. "Hapiti mlangoni bila kuinama."

Nikafungua ile ya SysWOW64. Dakika mbili tu, programu ikafunguka. Koridoni miluzi. Mama akachapisha orodha ya mishahara, tukampa dereva heshima ya kuisoma wa kwanza. Akateremka na kidole jina kwa jina, ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi juu tena.

Aliajiriwa tarehe tano. Mama alisahau kumwingiza.

"Lakini mwanangu," mama akaniambia huku akivaa miwani yake polepole, "si imesema tangu asubuhi kwamba hakuna dereva?"